Si Rehoboamu peke yake
Ndugu, umeuliza kama Rehoboamu, mwana wa Mfalme Sulemani, peke yake ndiye aliyeuvunja ufalme wa Israeli. Hapana. Sulemani uzeeni alishaijengea miungu ya wake zake mahali pa kuabudia mkabala na Yerusalemu, na watu walishachoka na kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa. Kule Shekemu, walikokusanyika kumtawaza Rehoboamu baada ya baba yake, waliomba wapunguziwe mzigo tu. Rehoboamu akawapuuza wazee, akasikiliza vijana wenzake, akawaahidi kuwaadhibu kwa nge badala ya mijeledi ya baba yake. Makabila kumi yakaondoka.

Anayeniuma zaidi ni Yeroboamu, aliyekuwa mfalme wa makabila hayo kumi. Mungu alishamwahidi ufalme kupitia nabii Ahiya, naye kwa kuogopa watu wasirudi kuabudu Yerusalemu akaweka ndama za dhahabu Betheli na Dani. Hata Yehu, mfalme wa baadaye wa Israeli, aliyeifuta ibada ya Baali, ndama zile hakuzigusa. Mwishowe Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, ikatekwa na dola ya Ashuru karibu mwaka 722 K.K.