Kampala na Wazazi: Kilima Kimoja kwa Asubuhi Moja

Likizo inakaribia, na barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa watoto wa Magharibi na Nyanza, Kenya, waliopata kazi Kampala. Wazazi wao sasa wanataka kuja kuona mtoto analala wapi na jiji lenyewe likoje. Tumejibu tano.

SWALI: Ninaishi Ntinda, Kampala. Baba (miaka 71, goti linamsumbua) na mama (66) wanakuja kutoka Kakamega kwa siku nne. Mama ni Mkatoliki na wimbo wake ni Namugongo tu. Baba anataka kuona makaburi ya wafalme wa Buganda. Niwapangieje? — Kitinda mimba, Ntinda

JIBU: Siku nne zinatosha, mradi usizijaze. Kosa la kwanza la wenyeji ni kuamini ramani ya simu. Kampala imekaa juu ya vilima, na ramani haionyeshi mwinuko: nusu kilomita kwenye kioo inaweza kuwa mteremko mtupu. Goti bovu huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo gari liwapeleke hadi juu na liwachukue hapo hapo juu. Panga kilima kimoja kwa asubuhi moja, cha pili kiwe jirani, na saa tisa alasiri muwe mmerudi nyumbani. Kuanzia saa kumi foleni ya magari hufunga barabara, na mzee mwenye vidonge vya presha (ambavyo vingine humpeleka haja ndogo mara kwa mara) hapaswi kukwama humo kwa muda wa saa mbili.

Siku ya kwanza wapumzike. Ya pili wapeleke Namugongo, mahali pa hija pa mashahidi wa Uganda (Wakristo waliouawa kwa imani yao), kwa kuwa wewe uko Ntinda na njia ya Kyaliwajjala iko karibu nawe. Kuna sehemu mbili, na wageni wengi huona moja wakadhani wamemaliza. Basilika ya Wakatoliki ina umbo la nyumba ya Kiganda iliyoshikiliwa na nguzo 22, kwa ajili ya mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Altare iko pale Karoli Lwanga, kiongozi wao, alipochomwa. Upande wa Waanglikana, mwendo mfupi kwa gari, ndipo wengi wa wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walipochomwa pamoja tarehe 3 Juni 1886, na kuna jumba la makumbusho linaloonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Mwonyeshe mama zote mbili. Mbebee chupa ya lita moja yenye kifuniko cha kuzungusha, maana akiona mahujaji wakiteka maji kwenye kiziwa cha hapo, hatakubali kurudi Kakamega mikono mitupu. Epuka wiki ya mwisho ya Mei hadi tarehe 3 Juni, ila kama umati ndio hasa anaoufuata. Siku hizo hufika mpaka watu waliotembea kwa miguu kutoka Kenya, na kiti ni cha bahati.

Siku ya tatu ni ya baba: Kasubi. Nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 ikiwa ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, na ndani wamelazwa makabaka wanne. Iliteketea Machi 2010 ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Piga simu asubuhi uulize ni sehemu gani zinaingilika siku hiyo. Mama avae sketi ndefu au ajifunge leso juu ya suruali, na viatu huvuliwa mlangoni, hivyo baba asivae vya kamba. Wageni huketi chini kwenye mikeka. Kwa goti la baba hilo ni tatizo, na kumwinua mzee mbele za watu kunamvunjia heshima. Mweleze mwongozaji mapema, kando, kwamba mzee atahitaji kigoda au atasimama.

Kutoka Kasubi, Msikiti wa Taifa wa Kampala ya Kale uko karibu. Mnara wake una ngazi zaidi ya 250 na huko juu unaona jiji lote. Panda wewe upige picha. Wazee wakae chini kivulini. Siku ya nne nendeni Entebbe kwa barabara ya kulipia (gari dogo ni shilingi 5,000 za Uganda): bustani ya mimea ya mwaka 1898 ina viti na upepo wa ziwa. Wakichoka, iacheni. Kumwona mtoto wao akipika jikoni kwake pia ni utalii.

SWALI: Wazazi watatoka Kisumu kwa matatu hadi Busia. Wana vitambulisho tu, hawana pasipoti. Je, watavuka? Na hii habari ya sindano ya homa ya manjano ni kweli? — Msomaji, Kondele

JIBU: Watavuka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda husafiri baina ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa. Kiwe chenyewe, si nakala wala picha kwenye simu. Mjukuu asiye na kitambulisho anahitaji hati yake ya kusafiria, na hapa ndipo safari nyingi huvunjikia getini.

Busia ni mpaka wa kituo kimoja: anayetoka Kenya hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, na wakati wa kurudi upande wa Kenya. Wazee wengi huona geti la Kenya limewapita bila kuulizwa kitu, wakaendelea kutembea hadi mjini wakidhani mambo yameisha. Waambie waingie jengo la uhamiaji la upande wa pili na wasitoke kabla hawajaandikishwa. Karatasi yoyote watakayopewa itunzwe hadi siku ya kurudi. Bodaboda akiwaambia anajua njia ya mkato, washuke.

Sindano ni kweli. Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mpakani ukaguzi huwa mkali siku moja na mlegevu siku nyingine, lakini usiweke safari ya wazazi rehani kwa bahati. Chanjo huhesabiwa kuwa imeanza kazi baada ya siku 10, na tangu 2016 dozi moja ni ya maisha, kwa hiyo cheti cha zamani kilichoandikwa miaka kumi bado ni halali. Sasa sikiliza vizuri: kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa huongezeka. Nadra, lakini ipo. Usimpeleke mzee dirishani kama anayepeleka mtoto kliniki. Aonane na daktari kwanza, ataje dawa zote anazomeza. Daktari akiona haifai, huandika barua rasmi ya msamaha, nayo hubebwa pamoja na kitambulisho.

Dawa za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, za siku tatu zaidi ya safari. Insulini inayotumika huvumilia joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne, lakini si joto la dashibodi ya gari lililoegeshwa juani.

SWALI: Tuko Nakuru na tunataka kuwapeleka wakwe kwa gari letu. Linatakiwa nini? — Bwana na Bibi, Section 58

JIBU: Kitabu cha gari, na kama jina lililomo si lako, barua ya mwenyewe ya kukuruhusu kulitoa nchini, na kama gari lina mkopo, barua ya benki. Bima ya Kenya haivuki, hivyo muulizeni wakala wenu kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka. Zitakuwa kadi mbili za njano safarini, moja ya gari na nyingine ya chanjo. Wekeni bahasha tofauti. Forodha mpakani watawapa kibali cha muda cha gari. Angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kuondoka dirishani, kwa maana kuipitisha ni faini.

Kupitia Eldoret na Malaba hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Msifanye kwa siku moja na wazee. Laleni Bungoma au Jinja, na kila saa mbili mkwe ashuke anyooshe miguu, la sivyo viatu havitamwingia mkifika. Malaba ikiwa na msururu wa malori msijipange nyuma yake. Magari madogo yana njia yake.

SWALI: Mama ni Msamia wa Funyula, hajui Kiingereza. Ataongea nini huko? Na atakula nini? — Mwana wa Funyula

JIBU: Ataongea vizuri kuliko wewe. Kisamia na Kisoga si mbali, na kuanzia Iganga atakuwa anashika maneno. Mwambie aanze na "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Bila hayo hata swali la bei husikika kama amri. Kiswahili kinaeleweka sokoni, ingawa baadhi ya wazee wa Kampala bado wanakihusisha na lugha ya wanajeshi.

Ugali aulize "posho". Wa wimbi ni "kalo". Taksi ya huko ndiyo matatu yetu. Gari la kukodi peke yenu huitwa "special hire", na bei mnapatana kabla mlango haujafungwa. Kuhusu sifuri nyingi za pesa zao: kwa kiwango cha karibu 28 kwa moja, toa sifuri tatu uzidishe kwa 35. Noti ya 50,000 inakuwa kama 1,750 za kwetu. Badilisheni dukani, si kwa vijana wenye mabunda barabarani Busia, ambao noti iliyokunjwa huihesabu mara mbili.

SWALI: Tukisimama Jinja njiani, kuna cha kuona kweli? — Mkazi wa Nyalenda

JIBU: Kipo, ila usiwaahidi maporomoko. Yale ya Ripon, yaliyoonwa na mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Wanaofika wakitarajia mngurumo huondoka wamenuna. Waambie ukweli, ambao kwa mtu wa Kisumu ni mtamu zaidi: Ziwa Victoria aliloliona ufukweni Dunga tangu utotoni hutolea maji yake hapa, na maji haya yanaanza safari ya Mto Nile kwenda Misri. Mashua ndogo huwapeleka hadi penye mkondo. Patana bei kwa mashua nzima, wote wavae maboya, na mzee akae katikati, si kwenye ncha, kwa sababu mashua huyumba zaidi watu wanapoingia na kutoka. Kwenye daraja jipya la mwaka 2018 msisimamishe gari kupiga picha.

Mbele kidogo, mkishapita msitu wa Mabira, ni Namawojjolo, ambapo kuku wa mishikaki na gonja (ndizi za kuchoma) hupitishwa dirishani. Chagua aliye motoni bado, na nunua gonja zaidi ya unavyofikiri. Wakati wa kurudi ndipo pa kuangalia: huko chakula hutiwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nao umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Hamisheni kila kitu kwenye kiondo kabla ya kufika Busia.