Only the Lonely ya Sinatra: fuata pumzi kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wanaisifia sana Only the Lonely, albamu ya mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra, wakati wewe umeishia wimbo wa nne, ukaona zote ni mwendo mmoja, zote huzuni, usingizi ukakuchukua. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu albamu hii nimekaa nayo zaidi ya miaka kumi na tano, na nilipoanza nilikuwa hapo hapo ulipo wewe.

Mimi napuliza tromboni. Nilianza nikiwa darasa la sita, kwenye matarumbeta ya usharika wetu Kilimanjaro: ibada za Jumapili, harusi, na misiba mingi sana. CD ya albamu hii aliniachia Mjerumani mmoja aliyekuja kutunoa kwa wiki tatu. Akaniambia, huyu mwimbaji kuimba alijifunza kwa mpiga tromboni. Nikadhani ananitia moyo tu. Kumbe ni kweli. Kuanzia 1940 hadi 1942 Sinatra aliimba kwenye bendi ya Tommy Dorsey, mpiga tromboni aliyeweza kuvuta mstari mrefu wa muziki usijue kapumua saa ngapi. Sinatra mwenyewe alisimulia kwamba jukwaani alikuwa akikaa nyuma ya Dorsey na kukodolea macho mgongo wa koti lake, aone linapanda lini, na haoni kitu. Dorsey alikuwa anaiba hewa kwa pembe ya mdomo. Kijana akaanza kuogelea, anazama na kubana pumzi majini, mpaka naye akaweza kuunga sentensi na sentensi bila kukata.

Kwa hiyo maneno yaache kwanza, fuata pumzi. Anza na wimbo wa tatu, What's New?. Mtu kakutana na mpenzi wake wa zamani, anamjulia hali. Habari za siku nyingi, hujabadilika hata kidogo, maisha yanaendaje. Sisi watu wa salamu tunalijua hili vizuri, unajibu "nzuri" huku ndani kunaungua. Adabu yote hiyo inaendelea hadi mwisho kabisa, ndipo linamtoka kwamba bado anapenda. Katikati ya wimbo anaingia Ray Sims na tromboni. Nilikaa barazani jioni tatu mfululizo nikijaribu kumfuata. Noti zake si ngumu, mwanafunzi wa mwaka wa pili anazifikia. Kinachoshinda ni kupuliza kwa upole ule bila sauti kutetemeka, na kuusukuma mrija taratibu bila noti kuteleza ikawa kama mlio wa paka. Jioni ya tatu nikagundua kwamba Sims na Sinatra wanapumua sehemu zinazofanana, kama watu wawili wanaosoma barua moja.

Sasa kuhusu hiyo huzuni. Albamu ilirekodiwa Hollywood, studio za Capitol, katikati ya 1958. Talaka ya Sinatra na mwigizaji Ava Gardner ilikuwa imekamilika 1957. Lakini mwenye msiba mzito zaidi mle ndani ni Nelson Riddle, aliyepanga muziki wote wa okestra. Alikuwa ametoka kumzika binti yake mchanga, na mama yake naye akafariki miezi ile ile. Sehemu ya nyimbo hata hakuwepo kuziongoza, alikuwa safarini na mwimbaji Nat King Cole, kijiti cha kuongoza okestra akakishika Felix Slatkin. Lakini msiba wa Riddle umo kwenye zile karatasi za noti alizoziandika.

Na bado, sikiliza, hakuna anayelia. Hili nililielewa makaburini. Mwalimu aliyenifundisha tromboni alipofariki, sisi wanafunzi wake ndio tuliompulizia. Ubeti wa kwanza nilimaliza. Wa pili nikaona mke wake anashika udongo, koo likanibana, midomo ikalegea, chombo kikatoa hewa tupu. Ukilia hupulizi, ni kimoja au kingine. Jirani yangu akanikanyaga mguu kwa nguvu, nikavuta hewa, nikarudi kwenye wimbo. Usiku ule niliweka CD hii, na kwa mara ya kwanza nikasikia Riddle anafanya nini. Ana okestra kubwa, fidla tele, filimbi, matarumbeta, na karibu muda wote wanazuiwa. Fidla zinapanda kidogo kisha zinashuka kabla hujazizoea. Kwenye Blues in the Night ndipo vyombo vya shaba, yaani matarumbeta na tromboni, vinaachiwa vipige kelele, na hata hapo si kwa muda mrefu. Ni kama mtu anayebana koo ili aweze kumaliza ubeti. Ndiyo maana ulisinzia, mkuu: ulikuwa unasubiri kilio, na kilio hakiji.

Jingine, hakikisha unasikiliza toleo lenye nyimbo 12. Santuri ya kwanza ya stereo ilikatwa nyimbo mbili, It's a Lonesome Old Town na Spring Is Here, na mpangilio ukaharibika. Walijaribu pia kurekodi wimbo wa Lush Life wakauacha njiani. Kwa maoni yangu walifanya vyema, una maneno mengi mno kwa albamu inayosema machache hivi. Ebb Tide siipendi sana, ndiyo pekee ambapo okestra inanizidi. Ila wimbo wa nane, Guess I'll Hang My Tears Out to Dry, unaanza na gitaa la Al Viola peke yake, na hapo usiwe unafanya kazi nyingine yoyote.

Wa mwisho ni One for My Baby. Saa tisa kasorobo usiku, baa imebaki na mlevi mmoja na mhudumu, na yule mlevi ana habari anayotaka kusimulia lakini haisimulii. Piano ni ya Bill Miller, inagonga kwa mbali kama vile inatoka chumba cha pili. Sinatra hapa karibu anazungumza tu. Kila akinyamaza, Miller anajibu kidogo, kisha anampisha. Waliupiga wimbo huu pamoja kwa miaka mingi, na Sinatra alipofariki 1998 ni Miller aliyeupiga kwenye mazishi, safari hii bila mwimbaji.

Ukishaonja huo wa tatu, isikilize albamu yote usiku, nyumba ikishalala, kuanzia wimbo wa kwanza bila kuruka. CD niliyoachiwa imebandikwa nyimbo mbili za ziada baada ya huo wa 12. Kama yako nayo inazo, ile piano ikishapotelea mbali, zima kabla hazijaanza.