Je, mafuta humkinga mnyama na maumivu?

Aliyefungua uzi huu anasema mbwa wake mnene hushtuka kidogo sana akigongwa, naye anauliza kama ni kweli kwamba mafuta humpunguzia mnyama maumivu. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika maabara ya kupima maumivu kwa panya, na jibu langu ni hapana, ingawa hata sisi tulidanganyika mwanzoni.

Panya huwekwa juu ya wavu wa waya, akaachwa atulie, kisha uzi wa nailoni unaoitwa wa von Frey huinuliwa kutoka chini mpaka uguse wayo wake na kupinda. Kila uzi hupinda kwa nguvu yake maalumu, kwa hiyo ule unaomfanya aondoe mguu ndio unaotuonyesha kiwango anachoanza kukereka. Panya mwembamba huunyanyua mguu upesi, pengine akaulamba. Yule aliyenoneshwa kwa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake hutoka kwenye mafuta huketi tumbo likiwa limemwagika juu ya nyayo, na mpimaji asiyekuwa makini huandika kwamba hakuhisi kitu, kumbe amehisi ila ameona tabu kujiinua. Uzito wa mwili unafanana mno na ganzi. Ganzi ya kweli nayo ipo, kwa sababu unene ukiandamana na kisukari huharibu neva za miguuni.

Tishu ya mafuta si godoro. Hukusanya seli za kinga na kumwaga kemikali kama TNF-alfa na IL-6, ambazo huziamsha neva za maumivu. Ndiyo maana panya wanene wakidungwa karajenani wayoni, dawa ya kuleta uvimbe, huvimba na kuumia zaidi ya wembamba. Jambo linalonivutia zaidi ni panya wa ob/ob, ambao ni wanene kupindukia kwa kukosa homoni ya leptini: neva yao ikijeruhiwa, hawapati ule ukali wa kuumizwa na mguso mwepesi ambao panya wa kawaida huupata, hadi wapewe leptini. Kwa hiyo kilo peke yake haielezi kila kitu.

Kuhusu mbwa wako, usimpime kwa kumgonga. Mtazame anavyoinuka baada ya kulala na anavyosita kupanda ngazi, kwani mbwa wanene wenye viungo vilivyochakaa wamewahi kupunguza kuchechemea baada ya kupoteza takriban asilimia 6 tu ya uzito wao.