Kocha Bora wa Muda Wote ni Nani?

SWALI: Mhariri, mimi na kaka tunabishana kila tukikaa, yeye anasema hakuna kama Alex Ferguson, mi nasema Phil Jackson wa kikapu kamzidi mbali. Tuamulie basi.

JIBU: Kwa hao wawili nampa kaka yako. Jackson ana mataji 11 ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, si mchezo, ila timu ya Chicago alimkuta nyota Jordan tayari yupo, na timu ya Lakers akawakuta nyota Shaq na Kobe. Ferguson kakaa Manchester United toka 1986 mpaka 2013, kachukua ligi 13, timu ikichoka anaivunja anajenga nyingine.

Ila kura yangu mi iko kwa John Wooden, aliyekuwa kocha wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA, kachukua ubingwa wa vyuo Marekani mara 10 ndani ya miaka 12 na wachezaji wenyewe ni wanafunzi, wakihitimu wanaondoka anaanza upya! Huyu mzee mazoezi ya kwanza kabisa alikuwa anafundisha kuvaa soksi, unaivuta vizuri, unapapasa vidoleni na kisiginoni mikunjo yote iishe, maana mkunjo mmoja tu unaleta lengelenge na mwenye lengelenge hakimbii. Kocha anayeangalia mpaka soksi, mwambieni kaka ajibu hiyo.