Bibi wa Harare na benchi lake

Dada, umeuliza kama ushirikiano wa kimataifa katika afya una maana yoyote zaidi ya kuletewa vipeperushi kutoka Ulaya. Unayo, na mara nyingine maarifa yanatoka kwetu kwenda kwao. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mradi wa kuwasaidia wenye matatizo ya akili, akiwa na bibi 14 huko Mbare, mtaa wa Harare, Zimbabwe. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, anamsikiliza, kisha wanachagua tatizo moja na kulitafutia njia pamoja. Hawakusema "sonona" (ugonjwa wa huzuni nzito), walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hapo ndipo siri ilipo, kwa maoni yangu: mtu hukubali kusaidiwa kwa lugha anayoumwa nayo.

Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kwa waliopita kwenye benchi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Baadaye benchi likafika Malawi, Zanzibar, hata New York.