Mlango wa kabati la karavani: ukate katikati, utie mfaa

Tangu niweke picha ya ule mlango niliourekebisha wa kabati la karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kusafiria, watu wananiandikia sana, na wengi swali lao ni moja tu, ati nimetumia kitasa gani. Kuna kijana wa Mtwapa amenitumia meseji ndefu, ana mteja mwenye karavani na mlango wa kabati unafunguka wenyewe kila wakipita kwenye tuta, ameshabadilisha kitasa zaidi ya mara moja na sasa mteja amechoka naye, anataka nimwelekeze duka. Ndugu yangu, nakujibu hapa ili na wengine wasome. Shida yako si kitasa. Shida ni mlango wenyewe, ni mpana mno na mzito mno, na ukiuacha vile ulivyo hata uufunge kwa kufuli la geti utang'oka tu na bawaba zake. Dawa ni kuukata katikati na kutia mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika mwanya.

Wasionijua, mimi kazi nimejifunza Lamu kwa ami yangu, kazi ya milango ya nakshi, halafu nikahamia hapa Malindi na karakana yangu ikajulikana kwa milango na vitanda. Mama mwenye ile karavani ya kwenye picha yangu alinijia mimi kwanza. Akauliza uliza, akaondoka vizuri, halafu kuna mtu akamwambia yule ni fundi wa nakshi, mambo ya magari hayajui. Akapeleka kwengine. Nilisikia na nikanyamaza, lakini mpaka leo nikikumbuka inaniuma, manake aliyesema vile ni mtu ambaye amekunywa chai kwangu.

Sasa kabati lenyewe liko hivi. Ukiingia ndani ya karavani kuna ujia mwembamba, upande mmoja kiti cha kukalia, upande wa pili kabati la nguo lenye mlango mmoja wa upana wa sentimita 60. Ukiufungua unagonga kona ya kiti kabla haujafika nusu, na ukiwa wazi hakuna mtu anapita kwenda chooni. Mama ni mstaafu, anapenda kusafiri na wajukuu zake, na kila asubuhi ilikuwa vita hapo kwenye ujia.

Yule fundi aliyepewa kazi kwanza alifanya nini? Aliuona mlango wa asili mwepesi, akaudharau, akachonga mpya wa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, akatia bawaba kubwa za kabati la jikoni na komeo mbili, moja juu moja chini. Kwa macho ulipendeza. Lakini haukupunguza hata kidogo ile shida ya kugonga kiti, na mama alipofunga safari kwenda Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, zile barabara za ndani za vumbi zilizojaa mikunjo mikunjo zikaumaliza. Skrubu zilichomoka pamoja na vipande vya fremu, mlango ukalala juu ya kiti. Alhamdulillah hakukuwa na mtoto pale.

Ndipo akarudi kwangu. Akaniambia, "Fundi, nisamehe, nilidanganywa." Nikamwambia mama hakuna neno, karibu, nionyeshe huo mlango wa zamani. Bahati nzuri alikuwa ameuweka.

Hapa ndipo nataka vijana mnisikilize. Karavani si nyumba. Kabati la nyumbani limesimama, kabati la karavani linatikiswa kilomita kwa kilomita, na waliolitengeneza walijua ndio maana wakatumia vitu vyepesi, plaiwudi ya milimita 3 na fito za mbao laini. Ukigonga ule ukuta wa kabati unasikia mlio mtupu. Skrubu ukiitia kwenye plaiwudi ya milimita 3 inashika nyuzi moja au mbili tu, haina mahali pa kuuma, kwa hivyo ukiongeza uzito wa mlango umejiandalia msiba. Na MDF juu ya uzito wake haipendi maji, ikinywa unyevu inafura na pembe zinamomonyoka, sasa wewe unaitia kwenye gari linalolala ufuoni Malindi, chumvi na unyevu mwaka mzima, kaskazi na kusi, unategemea nini?

Mimi nilikaa na ule mlango wa asili mapajani nikaufikiria. Nikawaza milango ya kwetu Lamu. Mtu yeyote aliyepita vichochoro vya Mkomani ameiona, mlango mkubwa wa nyumba una mbao mbili, na katikati kuna ule mhimili uliochongwa nakshi, mfaa, umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu lakini unaufunika ukingo wa ubao wa pili. Wazee hawakuuweka pale kwa urembo peke yake. Unaziba mwanya, na unapanga ubao upi utangulie kufunguka na upi ufuate. Sasa kwenye nyumba milango inafunguka kwa ndani na mfaa uko nje, kwa hivyo ubao usio na mfaa ndio unatangulia. Kabati ni kinyume, linafunguka kwa nje, kwa hivyo wenye mfaa ndio unatangulia, na maana yake ni kwamba ukiufunga huo mmoja, wa pili hauna pa kwenda, umebanwa. Kitasa kimoja kinafunga mbao mbili. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu karakanani.

Na hesabu ya uzito ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ukikata mlango wa sentimita 60 mara mbili, kila ubao una uzito nusu, na uzito huo uko karibu na bawaba mara mbili zaidi kuliko mwanzo, nusu ya nusu, kwa hivyo kila upande bawaba zinavutwa robo tu ya vile zilivyokuwa zikivutwa. Robo! Hujaongeza chuma, hujaongeza skrubu, umekata tu. Na ukifungua, ubao unaingia kwenye ujia sentimita 30 peke yake, haufiki kwenye kiti, mjukuu anapita.

Kukata kwenyewe kunataka utulivu. Mlango wa karavani kwa ndani mara nyingi ni uwazi, huu wa mama ulikuwa na fremu nyembamba ya mbao kuzunguka, ngozi mbili za plaiwudi, na katikati kadibodi yenye vitundu kama sega la nyuki. Ukipitisha msumeno katikati unabaki na kingo mbili zilizo wazi, laini, ukibonyeza kwa kidole zinazama. Wengi hapa ndipo wanasema mlango umeharibika wanautupa. Usiutupe. Nilichukua patasi nyembamba nikakwangua ile kadibodi kwa ndani kiasi cha upana wa vidole viwili, taratibu, bila kupasua ngozi, nikapiga randa ufito wa saipresi mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja, sio kwa nyundo, nikapaka gundi ya kuhimili maji pande zote mbili, nikabana kwa klampu na vibao nikaacha mpaka kesho yake. Ukigonga ule ukingo baada ya hapo unasikia sauti ya mbao kamili. Kabla ya kukata bandika gundi tepu pale utakapopita msumeno, na utumie ubapa wa meno madogo, manake ile karatasi ya juu inachanika ovyo na hakuna rangi itakayoificha.

Mfaa nimeuchonga kwa msaji, upana kama sentimita 4, unene chini ya sentimita moja. Usitumie mbambakofi hapa hata kama unaipenda vipi, ni mbao ya heshima lakini ni nzito, iache kwenye nyumba. Nusu ya upana imegundishwa na kutiwa skrubu kwenye ubao wa kushoto, nusu imelala juu ya ubao wa kulia bila kushikwa. Kati ya mbao mbili nimeacha mwanya wa milimita 3, manake masika mbao zinavimba, na mwanya hauonekani kwa sababu mfaa umeufunika. Na nakshi nimetia, ndiyo, mistari miwili na ua dogo katikati. Mama hakuniomba. Niliitia kwa sababu mtu alisema mimi ni wa nakshi, basi ionekane.

Kwenye fremu ya kabati sikutia skrubu mpya kwenye matundu ya zamani. Nyuma ya ile plaiwudi nyembamba nimegundisha ufito wa mbao kutoka juu hadi chini pande zote mbili, ndio bawaba zikapata kitu cha kushika. Hii usiiruke hata ukiruka mengine yote. Juu na chini nimetia vibao vidogo vya kuzuia ubao wa kulia usisukumwe kuingia ndani.

Kitasa sasa, kwa wale ambao hawatalala bila kujua. Ni kile cha kubonyeza, ukikibonyeza kirungu kinatoka ndio unavuta, ukifunga unakibonyeza kinaingia, hakitokezi kumgonga mtu kiunoni. Ni cha kawaida kwenye karavani. Sumaku usijisumbue, inashika gari likiwa limesimama tu. Cha muhimu ni mahali ulipokiweka, mimi nimekiweka katikati ya urefu, ulimi wake unashika chini ya rafu ya ndani, kwa sababu ukikiweka juu kabisa ule upande wa chini utapigapiga njia nzima.

Skrubu tumia chuma kisichoshika kutu, na kama karavani inakaa karibu na bahari tafuta ile ya daraja la chuma 316, ile ya 304 inavumilia lakini chumvi inaianza madoa. Ukipenda shaba kwa uzuri wake, toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, itoe, ndipo utie ya shaba, la sivyo inakatikia ndani ya msaji na utakesha nayo.

Mama ameenda Tsavo tena kwa njia ileile na amerudi. Amenitumia picha, mlango uko mahali pake, nguo ziko mahali pake, mfaa unang'aa. Nimeonyesha kila mtu pale mtaani, na simwogopi mtu kusema ni kazi nzuri, ni nzuri.

Lakini kinachonisikitisha ni vijana mnavyokimbilia video za ng'ambo kwa kila kitu, mnaagiza vitasa, mnaagiza bawaba, na mlango wa bibi yako umesimama hapo unakufundisha bure hujawahi hata kuutazama. Mji wa kale wa Lamu umeandikwa urithi wa dunia tangu 2001, wageni wanapanda ndege kuja kupiga picha milango, nyinyi mnapita na simu mkononi. Nendeni mkafungue na mkafunge, mtazame ubao upi unatangulia na kwa nini. Na mteja akikwambia "ni mlango mdogo tu fundi, punguza," muonyeshe ule ukingo kabla hujatia ufito na baada, halafu usipunguze. Kazi ya ndani ndiyo kazi.

Mambo mawili yaliyobaki. Kama mlango unaotaka kuurekebisha ni wa kabati la mtungi wa gesi au la chini ya jiko, tafuta matundu kwenye sakafu au chini ya mlango kabla hujagusa kitu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutoka nje. Usiyazibe kwa ufito wala kwa mfaa, na usitie kibao cha kuzuia juu yake. Na kama ni kabati la juu ya kitanda, hapo usikate katikati, mlango wake uning'inize kwa juu ufunguke kwenda juu, utie mkono wa gesi, ile fimbo yenye gesi ndani inayosukuma mlango juu na kuushikilia, ila nunua ule dhaifu, manake mkono wenye nguvu nyingi kwenye fremu ya milimita 3 unaing'oa wenyewe hata gari halijaondoka.