Kwa mwanangu, kuhusu karo ya skuli ya praiveti na yale madawati

Mwanangu, asalam aleykum. Voisi yako nimeisikiza mara mbili, ya pili na mamako yuko hapa ubavuni, naye ndiye aliyesema nisikupigie manake nikianza kuzungumza siishi. Basi naandika.

Wauliza kama ile praiveti ya Kisauni yafaa hizo pesa kwa mjukuu wangu, 28,000 kwa tamu, yaani muhula, na gari 9,000 juu yake, au mumpeleke ya serikali hapo nyuma ya nyumba. Nimepiga hesabu, ni 111,000 kwa mwaka na hujanunua soksi. Na mtoto mwenyewe ni wa PP1, ya chekechea, bado alalia kidole.

Mambo ya mshahara siyaingilii, mwayajua nyinyi wawili. Mimi nakwambia skuli huijulia kwa dawati. Usicheke. Najua nimelisema mpaka mumeo nilimwambia siku ya nikaha. Lakini wewe ingia darasani, shika dawati ulitikise, kisha lipindue uangalie chini. Ukiona lililegea na mtu akapiga msumari, ujue hapo kuna anayewaangalia watoto. Likiwa limelegea tangu mwaka juzi na geti limepakwa rangi juzi, haya.

Wakumbuka ile 2011, ulikuwa la saba. Mwezi wa tisa yule Muingereza akauliwa kule Kiwayu na mkewe akachukuliwa, wiki tatu hazijafika vizuri na Mfaransa akachukuliwa hapo Manda, ng'ambo tu hapo tunapopaona, na wageni wakatoweka hapa Amu (Lamu) yote. Wenye nyumba za Shela walionipa oda za milango wakaniambia fundi tungoje kwanza. Mlango mmoja ulikaa karakanani umechongwa upande mmoja mwaka mzima, mamako akauanikia nguo. Kufika mwezi wa tatu wa 2012 nadaiwa tamu mbili zako, 23,000.

Nikamwendea mwenye skuli. Nikamwambia bwana, pesa sina, mikono ninayo, na watoto wako wengine wakalia viti vya plastiki. Tukapatana madawati kumi na mbili, moja kwa 2,000, ile elfu ya zaidi nikasema ni sadaka. Nikanunua mwembe, mbao nzuri za bara, nikafanya kazi mpaka usiku na kwa taa ya mafuta. Manane yakaenda kwa mkokoteni, na wewe jioni ukaja ukaniuliza, "Baba, lenye kifundo kama jicho ni lako?" Nikakwambia ndilo. Ukasema ndilo unalokalia, ukawakataza wenzako wasilichore. Wallahi siku ile hata deni nililisahau.

Yale manne yaliyobaki nilikuwa nayapiga msasa, siku ya hesabu hiyo, mtihani wa kufunga tamu, nikakuona waja saa nne asubuhi na barua mkononi. Hukulia, wewe si wa kulia. Barua yasema baki ni 7,000 na mtoto asirudi bila risiti. Nikaenda mbio na jasho langu. Mwenye skuli ati amepata ya chuma kutoka Mombasa, yanafanana yote, yangu hayalingani rangi. Nikamwambia mbao hailingani rangi bwana, hata watu hawalingani. Ndani naliona lile la kifundo, liko tupu, wenzako wanaandika. Sikusema kitu tena. Mpaka leo nikipita njia ile huvuka upande wa pili.

Yale manne nikayapeleka skuli ya Omari, ile ya serikali aliyosoma yeye. Hedimasta hakuuliza rangi. Kule darasani wako sabini na kitu, tangu Kibaki afanye praimari bure 2003 madarasa yalifura hayakupungua, wakakaa watano watano dawati la watatu. Sasa hapo ndipo najibishana mwenyewe. Maana mwalimu wa watoto sabini hata awe malaika daftari zote hazisahihishi, na wewe zako zilisahihishwa kila siku kwa kalamu nyekundu, na Kiingereza chako cha benki hakikutoka kwa dawati langu, kilitoka kule kule kwa yule mwenye skuli. Siwezi kukana. Serikali yatoa 1,420 kwa mtoto wa praimari kwa mwaka mzima, na huchelewa, nami kama fundi nakwambia hiyo hainunui hata mbao za dawati moja.

Lakini Omari naye ana boti yake ya Mokowe na wageni wamuulizia kwa jina. Na usisahau ni 2011 ile ile serikali iliwapunguzia watoto wa praiveti nafasi za neshno skuli, zile sekondari za kitaifa, kesi ikafika kortini, nikakaa nikijiuliza, yaani nimelipia mlango wa mbele ndio nipitishwe uani? Mamako asema nikwambie tu umpeleke praiveti mpaka ajue kusoma kisha mumtoe. Mimi sikusema hivyo. Ni yeye.

Mwezi uliopita niliitwa kule skuli ya Omari kutengeneza mlango wa stoo. Nikachungulia darasa la tano, na yale yangu mawili bado yako, yamechongwa majina kwa wembe mpaka hapana pa kuandika, lakini hayachezi. Ya chuma ya yule bwana yaliliwa na chumvi kitambo, nimeyaona kwa fundi welda yamerundikwa.

Nimebakisha ubao wa mwembe hapa. Mkalishe mjukuu wangu umpime kutoka goti hadi unyayo, na kutoka kiti hadi kiwiko, unitumie leo usiku, na umpime na viatu.